Aligeuzwa Saa Ngapi, na Nani? Hotuba kuhusu Vidonda vya Mgandamizo

Ndugu wauguzi, madaktari, wahudumu wa afya wa jamii, na ninyi kina mama, kina baba na vijana mnaouguza nyumbani: wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo. Leo ni Alhamisi ya tatu ya Novemba, siku ambayo duniani kote watu wa kazi yetu huitumia kuzungumzia vidonda vya mgandamizo, au vidonda vya kulalia kama wengi tunavyoviita. Sitawachosha na salamu. Kazi ni nyingi.

Kidonda kikishaonekana juu ya makalio ya mgonjwa, wodi nzima huanza kuulizana kimetokea lini. Zamu ya asubuhi inasema imekikuta, ya usiku inasema haikukiona, ndugu anasema mgonjwa alitoka nyumbani mzima. Ubishi huo hauna faida, kwa sababu siku kinapoonekana siyo siku kilipoanza. Ulizeni hivi: katika siku tatu zilizopita mgonjwa huyu aligeuzwa saa ngapi, na nani? Kama hakuna anayeweza kutaja saa na jina, mmeshapata chanzo.

Tuangalie kinachotokea ndani. Mgonjwa akilala chali bila kujisogeza, nyama iliyopo kati ya mfupa na godoro inabanwa kutoka pande zote mbili. Mishipa midogo ya damu inajifunga, hewa safi haifiki, na taka za mwili zinabaki palepale. Mbano ni mkali zaidi karibu na mfupa, na misuli huvumilia kukosa damu kwa muda mfupi kuliko ngozi. Kwa hiyo vile vidonda vibaya kabisa huanzia chini na kupanda. Vina umbo la kichuguu: kilele kiko kwenye ngozi, msingi uko kwenye mfupa. Unaona doa la ukubwa wa sarafu, na chini yake kuna nyama iliyokufa upana wa kiganja. Ndiyo maana ndugu hulalamika kwamba kidonda kilikuwa kidogo, wauguzi wakakisafisha, kikawa kikubwa. Hakikukua siku ile, kilifunuliwa.

Vitabu vya zamani vinataja mbano wa milimita 32 za zebaki, kipimo kilekile cha presha ya damu, kuwa ndicho kiwango ambacho mishipa midogo hufunga. Namba hiyo inatokana na vipimo vya mwaka 1930 vilivyofanywa kwenye ngozi ya mzizi wa kucha za watu wenye afya, kwa hiyo msiishike kama sheria kwa kikongwe aliyevunjika nyonga na presha yake imeshuka. Shikeni hili: mbano mdogo wa muda mrefu unaua nyama sawasawa na mbano mkubwa wa muda mfupi. Muda ndio ulio mikononi mwetu.

Mtu mzima mwenye afya hujigeuza usingizini mara nyingi bila kujua. Aliyepooza kwa kuumia uti wa mgongo hapati taarifa yoyote kutoka makalioni. Aliyepata kiharusi anaweza kuhisi, lakini upande mmoja haumtii. Aliyepoteza fahamu hana la kusema. Mzee aliyevunjika nyonga anahisi vizuri tu, ila kila akijisogeza mfupa unamuuma, kwa hiyo anachagua kutulia. Huyu tunamsahau sana, kwa sababu anaongea na anakunywa chai, tunamwona mzima. Mpeni dawa ya maumivu ya kutosha. Asiposikia maumivu makali atajisogeza mwenyewe, na hiyo ni kinga.

Zamani hata mabingwa waliamini hakuna la kufanya. Daktari Charcot wa Ufaransa, katika karne ya 19, alifundisha kwamba kidonda kinaletwa na mshipa wa fahamu ulioharibika, na alikuwa na sifa kubwa mno kiasi kwamba wengi walikunja mikono. Mwaka 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville kule Uingereza, Ludwig Guttmann alifungua kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo. Wagonjwa wa namna hiyo walikuwa wakifa kwa vidonda vilivyooza na maambukizi ya njia ya mkojo. Akaamuru wageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Hakuwa na godoro la ajabu wala dawa mpya ya kupaka. Alikuwa na ratiba na watu wa kuitekeleza, na wagonjwa wake wakaishi, wengine wakaingia viwanjani kwenye michezo iliyokuja kuzaa Paralimpiki.

Hata hivyo hizo saa mbili msizifanye amri. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2019 unataka muda upangwe kwa kila mgonjwa peke yake, na ngozi yenyewe ndiyo ikuambie. Ukimgeuza, tazama pale alipokuwa amelalia. Kama kuna alama, irudie baada ya nusu saa hivi. Imepotea? Muda wako unamtosha. Bado ipo? Muda ni mrefu mno kwake, punguza. Mgonjwa mwembamba kwenye godoro la sponji lililochoka anaweza kuhitaji saa moja na nusu. Mwingine kwenye godoro zuri anaweza kufika saa tatu au nne akalala usingizi wa maana.

Hapo kwenye alama, tusimame kidogo. Vitabu vingi vinasema bonyeza wekundu kwa kidole: ukigeuka mweupe ukiachia, bado salama; usipogeuka, hilo ni daraja la kwanza la kidonda. Maelezo hayo yaliandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu huenda usionekane kabisa, na anayeusubiri atakuja kukutana na lengelenge au ngozi iliyochubuka. Kwenye ngozi nyeusi tafuta sehemu iliyoiva, yaani nyeusi zaidi kuliko jirani yake, yenye rangi ya zambarau au ya bluu nzito, au inayong'aa kwa kuvutika. Tazama kwa mwanga wa dirishani, au elekeza tochi kutoka pembeni badala ya kumulika moja kwa moja. Kisha tumia mkono. Mgongo wa vidole vyako unatambua joto kuliko viganja; pitisha juu ya kifandugu, halafu juu ya nyama iliyo sentimita kumi pembeni, na linganisha. Mwanzoni panakuwa pa moto, baadaye panapoa. Bonyeza taratibu: nyama inayoanza kufa huwa ngumu kama ubao au inalegea na kubonyea kama tope. Mgonjwa anayehisi atakwambia panamuuma au panamwasha. Msipuuze kauli hiyo hata kama macho hayaoni kitu.

Maeneo ya kugusa kila mnapogeuza: kisogo (kwa watoto wachanga na wagonjwa wa ICU hasa), masikio, mabega, viwiko, kifandugu na mfupa ulio juu yake, nyonga, magoti yanapogusana, vifundo vya miguu, na visigino. Kifandugu na visigino vinaongoza. Ongezeni na kila mahali palipo na kifaa: mpira wa oksijeni juu ya sikio, mpira wa kulishia puani, mpira wa mkojo uliopita chini ya paja, ukingo wa plasta ngumu ambayo wengi huiita hogo. Mgonjwa wa hogo akilalamika kisigino kinaungua, asiambiwe avumilie. Plasta ifunguliwe dirisha au itolewe, patazamwe.

Sasa nani yuko hatarini? Kuna kipimo cha Braden, kilichotolewa mwaka 1987, na ndicho napendekeza kwa wodi isiyo na kipimo chochote, kwa sababu kinajazwa kwa dakika chache na hakihitaji mashine. Kina vipengele sita: kuhisi, unyevu wa ngozi, kutembea, kujisogeza kitandani, lishe, na kukwaruzika na kuteleza. Vitano vya kwanza hupewa alama 1 hadi 4, cha mwisho 1 hadi 3. Jumla ya juu ni 23, ya chini 6. Mgonjwa mwenye 18 kushuka yuko hatarini. 12 kushuka hatari ni kubwa. 9 kushuka ni kubwa mno. Kijazwe siku anapopokelewa, kabla zamu haijabadilika, na kirudiwe kila hali inapobadilika: ametoka chumba cha upasuaji, ameanza kuharisha, amepoteza fahamu. Kosa ninalolikuta sana ni faili lenye alama 11 zimeandikwa vizuri kwa wino, na ukurasa unaofuata mtupu. Alama hazimgeuzi mgonjwa. Kila kipengele kilichopata alama ndogo kiandikiwe hatua yake: unyevu umepata 1, basi nani anabadilisha nepi na kila baada ya muda gani?

Nije kwenye kugeuza kwenyewe, maana hapa ndipo tunapoharibu huku tukidhani tunasaidia. Kumburuta mgonjwa kwapani ili apande juu ya kitanda ni njia ya haraka ya kumchana ndani. Ngozi inang'ang'ania shuka, mfupa unasogea, na mishipa iliyopo katikati inavutwa hadi inakatika. Muwe wawili. Tandikeni kanga au shuka lililokunjwa mara mbili chini yake, kuanzia mabegani hadi chini ya makalio. Laza kitanda kiwe bapa kwanza. Kila mmoja akunje pindo la kanga hadi karibu na mwili wa mgonjwa, mhesabu pamoja, mumnyanyue na kumsogeza kwenye ukingo wa kitanda ulio kinyume na upande atakaoelekea, ili akishageuka awe katikati na siyo ukutani. Mwambieni kabla mnachotaka kufanya, hata kama amezimia.

Msimgeuze hadi alalie ubavu kabisa. Akilala ubavu wima, uzito wote unashukia kwenye mfupa wa nyonga, ambao umefunikwa na nyama kidogo, na mtakuwa mmehamisha kidonda tu. Lengo ni mlalo wa nyuzi 30: nusu ya njia kati ya chali na ubavu haifiki, ni theluthi moja. Weka mto mgongoni kuanzia begani hadi kwenye kalio, kalio lipumzike juu ya mto. Kisha pima kwa mkono. Pitisha kiganja chini ya kifandugu: kifandugu kisiguse godoro. Pitisha chini ya nyonga ya upande wa chini: mfupa usiguse godoro. Ukigusa mfupa katika moja ya sehemu hizo mbili, rekebisha mto kabla hujaondoka.

Mto wa pili uwekwe katikati ya magoti. Wa tatu uwekwe kwa urefu chini ya mashavu ya miguu, kutoka chini ya goti hadi juu ya kifundo, visigino vining'inie hewani. Karatasi ipite chini ya kisigino bila kukwama. Goti likunjwe kidogo tu, ili mshipa mkubwa ulio nyuma yake usibanwe na mguu usivimbe. Nyumbani pasipo na mito mitatu, blanketi lililokunjwa linafanya kazi hiyohiyo; ndugu msikwamie hapo.

Kabla ya kuondoka kunjua mikunjo ya shuka na tafuta vilivyojificha chini yake: makombo ya mkate, kifuniko cha sindano, klipu ya mpira wa mkojo. Kifuniko kimoja cha sindano kikilaliwa usiku kucha na mgonjwa asiyehisi kinatoboa ngozi. Halafu andika: saa, upande, hali ya ngozi, jina lako. Karatasi hiyo ikae kwenye kitanda, isifungiwe kwenye faili ofisini. Mfano wa usiku mmoja: saa 2 kushoto, saa 4 chali, saa 6 kulia, saa 8 kushoto, saa 10 chali, saa 12 asubuhi kulia. Mwenye kidonda kifanduguni hapewi zamu ya chali hata kidogo; anabaki na kushoto na kulia.

Najua mnanitazama na kujiuliza: muuguzi mmoja, wagonjwa arobaini, saa nane usiku. Ni kweli, na sitajifanya siijui hali hiyo. Basi wale wenye alama za chini wasogezwe vitanda vyao viwe pamoja karibu na meza ya wauguzi, ili mzunguko wa kugeuza uwe wa vitanda sita na siyo wa wodi nzima. Ndugu mmoja aruhusiwe kulala, na afundishwe kwa vitendo, siyo kwa kuambiwa "mgeuze geuze". Afundishwe kile kipimo cha kiganja, apewe kalamu aandike. Lakini ndugu ni msaidizi: saa ikipita bila kuandikwa, mwenye kujibu ni zamu. Na wakati wa kupokezana zamu, wauguzi wawili waende kitandani wakafunue shuka, watazame kifandugu na visigino kwa pamoja. Ripoti ya mdomo ofisini kwamba "ngozi iko sawa" siikubali.

Kuna mgongano mmoja lazima niutaje. Kichwa cha kitanda kikiinuliwa zaidi ya nyuzi 30, mgonjwa anateleza kuelekea miguuni na kifandugu kinaburutwa. Ila mgonjwa anayelishwa kwa mpira lazima ainuliwe nyuzi 30 hadi 45, la sivyo chakula kitaingia mapafuni. Mapafu yanatangulia. Inua magoti kwanza ndipo uinue kichwa, ili asiteleze. Na kama hali inaruhusu, baada ya saa moja hivi tangu kulishwa mteremshe hadi nyuzi 30.

Vitu vya kuacha, na sababu zake. Pete ya nguo au mpira wa duara wa kukalia: unabana mzunguko mzima, katikati panavimba na kukosa damu. Glovu iliyojazwa maji chini ya kisigino: eneo inaloshika ni dogo, inahama, haisaidii. Kusugua sehemu iliyoiva kwa nguvu ili "damu itembee": mishipa iliyokwisha kuumia inapasuka. Spiriti: inakausha ngozi ikapasuka. Poda: ikikutana na jasho inaganda kwenye mikunjo na kukwaruza.

Godoro lina kipimo chake pia. Ingiza mkono chini ya godoro la hewa au lile linalotandikwa juu ya jingine, usawa wa kifandugu, mgonjwa akiwa amelala. Ikiwa unene uliobaki haujafika sentimita 2.5, godoro limekufa. Sponji lililobonyea katikati ligeuzwe au litupwe, na rexini iliyochanika inanyonya mkojo hadi ndani. Makintoshi, lile shuka la mpira, inaokoa godoro lakini inapika mgonjwa kwa joto na jasho. Iwe kipande kidogo, ifunikwe kwa shuka la pamba. Wenye magodoro ya hewa yanayotumia umeme, kumbukeni kwamba umeme ukikatika baadhi yake hushuka na mgonjwa anabaki juu ya vyuma. Na godoro hilo halifuti ratiba ya kugeuza, hata likiwa la bei gani.

Unyevu nitaupita haraka. Mkojo na kinyesi vioshwe mara tu vinapotoka, kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, ngozi ikaushwe kwa kugandamiza taulo bila kusugua, kisha ipakwe mafuta ya mgando kwa wembamba au krimu ya zinki. Usikwangue zinki yote kila unapoosha. Ondoa iliyochafuka tu. Msichanganye michubuko ya unyevu na kidonda cha mgandamizo. Ya unyevu iko kwenye mikunjo na pande zote mbili za makalio, kingo zake hazieleweki, haina kina. Ya mgandamizo iko juu ya mfupa, ina kingo. Ukikosea, utamgeuza mgonjwa usiku kucha huku ukimwacha na nepi mbichi.

Kwa wale wa viti vya magurudumu, wengi wao vijana waliopata ajali za bodaboda au walioanguka kutoka juu ya minazi na miembe: mkiketi, sehemu kubwa ya uzito wa mwili iko kwenye mifupa miwili midogo ya makalio, na mbano ni mkubwa kuliko wa kulala. Kila nusu saa inama mbele, kifua kielekee mapajani, ubaki hapo dakika 2. Kujinyanyua kwa mikono sekunde chache ni kama bure, damu hairudi haraka hivyo, na mabega yanachakaa. Hatari kubwa kuliko zote ni safari. Mgonjwa ameruhusiwa Dar es Salaam, anapandishwa basi la Mwanza, njia ya zaidi ya kilomita 1,000, ameketi kwenye kiti cha basi bila kuhisi kitu. Anafika na kidonda. Akae juu ya mto wake wa kiti, suruali isiyo na mfuko wa nyuma wala mshono mnene, na ainame kila nusu saa njiani, jirani aone ajabu asione. Kwa upande wa hospitali, ule ubao wa kubebea majeruhi aondolewe juu yake mara tu anapopokelewa na kukaguliwa. Ni wa kusafirishia tu, siyo kitanda cha kusubiria picha za eksirei hadi jioni.

Chakula. Mwenye kidonda au aliye hatarini huku amedhoofika anahitaji protini gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na nguvu kilokalori 30 hadi 35 kwa kilo. Mgonjwa wa kilo 50 anahitaji gramu 63 hadi 75 za protini. Uji mtupu wa mahindi mara tatu haufiki hata karibu. Mayai mawili yana kama gramu 12, vikombe viwili vya maziwa 16, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, kipande cha samaki cha gramu 100 kama 20. Jumla 63. Asiyeweza kutafuna, uji wake uchanganywe na maziwa, karanga za kusagwa na yai linalopikwa humo hadi liive. Mgonjwa wa figo asiongezewe protini bila daktari kusema. Na sukari ya mwenye kisukari isipodhibitiwa, kidonda hakitapona hata mkipaka nini.

Kidonda kikishatokea, tunakiweka kwenye daraja. La kwanza ngozi ni nzima ila imebadilika. La pili imechubuka au ina lengelenge. La tatu mafuta ya chini ya ngozi yanaonekana. La nne misuli, kano au mfupa. Kilichofunikwa na utando wa njano au gamba jeusi hakina daraja hadi kifunuliwe, na kile cha zambarau chenye ngozi nzima kihesabiwe kuwa cha ndani sana hata kama hakijafunguka. Kinapopona hakirudi nyuma kimadaraja: cha nne kinachojaa ni cha nne kinachopona.

Kipimwe kila wiki kwa rula: urefu kufuata kichwa hadi miguu, upana kukatiza, kina kwa kijiti chenye pamba. Chunguza kingo kwa kijiti hicho kutafuta pango chini ya ngozi, na uandike lipo upande gani kwa mfano wa saa, kichwa kikiwa saa 12.

Usafishaji wenyewe hivi. Dawa ya maumivu ya kunywa, nusu saa hadi saa moja kabla. Nawa, vaa glovu, linda macho. Maji ya chumvi ya dripu yanatosha. Nyumbani chemsha nusu lita ya maji kwa dakika 5 au zaidi, tia chumvi kijiko kimoja cha chai kisicho na kilima, acha yapoe yakiwa yamefunikwa, na yaliyobaki baada ya siku moja mwaga. Sirinji ya mililita 20 yenye kanula ya kijani, geji 18, iliyotolewa sindano yake, inatoa nguvu ya kutosha kung'oa uchafu bila kujeruhi nyama mpya. Osha hadi maji yatoke masafi. Haidrojeni peroksaidi inayotoa povu inafurahisha macho na inaua nyama changa, iacheni. Iodini ina kazi yake kwenye kidonda chenye maambukizi, kwa siku chache, siyo miezi.

Kisha gozi lililoloweshwa maji ya chumvi na kukamuliwa, likunjuliwe na kulazwa ndani ya kidonda hadi kwenye pango, kwa ulegevu. Anayelishindilia ametengeneza mgandamizo mwingine kutoka ndani. Juu yake gozi kavu, halafu plasta ya kushikilia isiyobandikwa kwenye ngozi dhaifu. Libadilishwe kabla halijakauka, kwa kawaida mara mbili kwa siku. Likikauka unang'oa nalo ile nyama nyekundu uliyoisubiri wiki nzima. Likiganda, lilowanishe kwanza.

Nikutane sasa na ile desturi ya kufungua kapsuli za dawa na kumwaga unga wake kwenye kidonda. Haufiki kwenye maambukizi yaliyo ndani, unaleta mzio, na unazoesha wadudu wa maradhi kushinda dawa. Kitu pekee cha namna hiyo ninachokitetea ni metronidazo iliyosagwa laini na kunyunyizwa kwa maelekezo ya daktari kwenye kidonda kinachonuka, njia ambayo watu wa tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya wenye magonjwa yasiyopona, wanaitumia sana, na lengo lake ni harufu ili mgonjwa akae na wageni wake bila aibu. Asali safi ya hospitali inafaa; ya chupa ya barabarani hatujui imechanganywa na nini.

Gamba jeusi lililokauka kwenye kisigino, lisilo na wekundu pembeni wala ulaini chini, liacheni lilivyo na mwinue kisigino. Likilainika, likianza kutoa usaha au kunuka, daktari alione siku hiyohiyo. Kukata nyama iliyokufa ni kazi ya aliyefundishwa. Homa, kuchanganyikiwa, ngozi ya pembeni kuwa ya moto na kuvimba, au mfupa kuguswa na kijiti, hayo yanahitaji hospitali na huenda dawa za antibiotiki za mwili mzima. Kidonda kisicho na dalili hizo hakihitaji antibiotiki, hata kama pamba iliyopitishwa juu yake imeotesha wadudu maabara. Kila kidonda cha wazi kina wadudu juu yake.

Kidonda kisipoonyesha dalili ya kupona ndani ya wiki 2, kabla ya kubadilisha dawa ya kupaka rudini kwenye ile karatasi ya kitandani msome saa na majina. Mara nyingi jibu liko pale. Kama karatasi imejaa sawasawa, ndipo mtafute mengine: lishe, sukari, upungufu wa damu, maambukizi ya mfupa.

Pale mbele kuna kitanda, kanga moja na mito mitatu. Naomba watu wawili wapande kugeuza na mmoja alale, na tuanze na kile kipimo cha kiganja chini ya kifandugu.